Kuvu Iotayo Polepole Yahitaji Maabara Yenye Subira

Makohozi ya mgonjwa wa sistiki fibrosisi yakifika maabara, hupakwa kwenye sahani za kuoteshea vijidudu, sahani zikawekwa katika joto la nyuzi 37, na baada ya siku mbili tatu mtaalamu husoma kilichoota. Mara nyingi huwa ni bakteria, Pseudomonas au Staphylococcus, na pengine ukungu wa Aspergillus. Majibu hupelekwa kwa daktari, sahani hutupwa. Lakini Exophiala dermatitidis, kuvu yenye rangi nyeusi, huota taratibu mno. Yaweza kuhitaji wiki mbili na zaidi. (Isichanganywe na ile “kuvu nyeusi” iliyovuma India mwaka 2021 wakati wa UVIKO-19, hiyo ni jamii nyingine kabisa.) Maabara inayotupa sahani siku ya tatu itaandika mwaka hadi mwaka kwamba haijaiona.

Hapo ndipo penye suala la kuamua: je, kila maabara inayohudumia wagonjwa hawa ilazimike kutafuta kuvu kwa njia maalumu, au iendelee na utaratibu wa kawaida kwa kuwa maambukizi yenyewe ni ya nadra? Nasema ilazimike, ingawa hoja za upande wa pili si za kupuuzwa.

Sistiki fibrosisi ni ugonjwa wa kurithi unaotokana na hitilafu kwenye jeni ya CFTR, iliyogunduliwa mwaka 1989. Chumvi na maji havipiti sawasawa kwenye kuta za seli, na ute wa mapafu unakuwa mzito wa kunata. Sote tunavuta vimbegu vya kuvu kila siku, na mapafu mazima huvifagia nje. Kwa mgonjwa huyu vinanasa, vinapata unyevu na chakula, na vinakaa kwa miaka.

Kuvu za jamii ya Scedosporium ndizo hutajwa sana baada ya Aspergillus. Hukaa kwenye udongo wa mijini na maji machafu, na madaktari wamezikuta hata kwa watu wenye afya njema waliookolewa wakizama kwenye madimbwi. Katika makohozi hufunikwa na vijidudu vinavyokua haraka kuziliko. Watafiti wa Australia na Ujerumani walipotumia sahani zenye dawa za kuzuia vijidudu hivyo, walizipata kwa wagonjwa wengi zaidi. Ile Exophiala nayo ina makao yasiyotarajiwa: uchunguzi uliochapishwa mwaka 2011 ulikuta kuvu katika zaidi ya nusu ya mashine za kuoshea vyombo zilizopimwa majumbani katika nchi mbalimbali, na Exophiala ilikuwa miongoni mwa zilizotia fora.

Inayotisha kuliko zote ni Lomentospora prolificans, inayoonekana zaidi Australia na Hispania. Karibu kila dawa ya kuvu tuliyonayo inagonga mwamba mbele yake. Mgonjwa anaweza kuishi nayo bila kujua mpaka siku mapafu yanapochoka na anahitaji kupandikizwa mengine. Dawa za kushusha kinga anazopewa baada ya upasuaji huifungulia kuvu njia ya kuingia kwenye damu na kufika ubongoni. Kwa sababu hiyo baadhi ya vituo hukataa kumpandikiza mtu aliye nayo. Kuigundua mgonjwa akiwa tayari kwenye foleni ya mapafu, wakati ingegunduliwa miaka mitano kabla, ni uzembe ambao mfumo wa afya hauna haki ya kumtwisha.

Wanaopinga husema kwamba wengi wenye kuvu hizi hawaumwi nazo, na ni kweli. Bado haijakatwa shauri ni lini kuvu iliyomo kwenye makohozi ni mkosaji na ni lini ni mpangaji tu. Wanaogopa daktari akiona jina kwenye karatasi atakimbilia dawa. Hofu hiyo ina msingi. Vorikonazoli ikitumiwa muda mrefu huweza kuumiza ini na kuifanya ngozi ishindwe kustahimili jua, hata kuongeza hatari ya saratani ya ngozi. Pia inazuia ini kuvunja dawa mpya za sistiki fibrosisi, hivi kwamba vidonge vya Trikafta ambavyo mtu mzima humeza kila siku hushushwa hadi mara mbili kwa wiki. Lakini hiyo ni sababu ya kuwafundisha madaktari kutotibu karatasi. Haiwi sababu ya kuacha kupima.

Hoja nyingine ni kwamba tangu Trikafta iidhinishwe Marekani mwaka 2019, wengi hawakohoi tena makohozi ya kutosha kupimwa, na tatizo litaisha lenyewe. Litaisha kwa nani? Takriban mtu mmoja kati ya kumi ana mabadiliko ya jeni ambayo dawa hiyo haiyagusi, na wasio na asili ya Ulaya wako katika fungu hilo kwa wingi usiolingana na idadi yao. Tena bei ilipotangazwa ilikuwa kama dola 311,000 kwa mwaka. Nchi inayomudu kulipa hivyo haiwezi kusema imeshindwa sahani ya ziada na wiki mbili za kusubiri.

Ningeanzia hapa: upimaji maalumu angalau mara moja kwa mwaka, kabla ya mgonjwa kuorodheshwa kwa upandikizaji, na kila anapozidi kudhoofu huku dawa za bakteria hazisaidii. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilitoa orodha yake ya kwanza ya kuvu hatari, 19 kwa jumla, na Scedosporium na Lomentospora zimo, katika kundi la tatu. Dawa mpya ya olorofimu, inayolenga hasa kuvu za aina hii, ilirudishwa na mamlaka ya dawa ya Marekani mwaka 2023 ikitakiwa data zaidi. Data hizo hutoka kwa wagonjwa waliothibitishwa, na wagonjwa wanathibitishwa katika maabara ambayo haikutupa sahani siku ya tatu.