MAMBO YA MIJINI: Maua na Fedha za Barabara

Mtu atokaye Meru kwenda Maua hupanda vilima vya Nyambene kwa barabara ya lami, akipita Kianjai na Kangeta, mwendo wa kilomita kama 50. Safari hiyo haina taabu kubwa. Taabu huanza pale mtu anapoiacha lami na kushika njia za udongo zilizo mitaani, au zile zishukazo mashambani. Wakati wa kiangazi njia hizo ni vumbi. Mvua za Machi hadi Mei zikianza, au zile za Oktoba hadi Desemba, udongo mwekundu wa vilima vile huteleza kama sabuni, na gari hukaa mtaroni hata waje vijana wa kulisukuma, nao hawasukumi bure.

Jambo hili si la starehe ya wenye magari tu. Mazao ya Igembe yaletayo fedha ni miraa na chai, na yote mawili hayawezi kungoja. Miraa hufungwa kwa majani ya mgomba isikauke, na ikichelewa njiani siku mbili tatu haina mnunuzi. Majani mabichi ya chai nayo yapasa kufika kiwandani siku ile ile yalipochumwa. Yakilala kwenye gunia huvunda, na mkulima huwa amefanya kazi bure. Viwanda vya Igembe, Kiegoi na Michimikuru havina njia nyingine ya kupata majani ila magari yanayozunguka vijijini. Kadhalika yupo mgonjwa. Hospitali ya Wamethodisti ya Maua ipo tangu mwaka 1928, na mama mwenye uchungu wa kuzaa, akitolewa bondeni usiku wa mvua, hapimi barabara kwa kilomita za kwenda Nairobi. Kwake yeye barabara ni kile kipande cha kutoka mlangoni pake hadi lami ilipo.

Wakulima wa miraa wamekwisha kupigwa na mambo yasiyo mikononi mwao. Tarehe 24 Juni 2014 Uingereza ilipiga marufuku miraa, na soko la London likafungwa. Machi 2020 Somalia ikasimamisha ndege za miraa, na mambo hayakufunguka tena mpaka Julai 2022. Mwenye shamba hawezi kuamuru London wala Mogadishu. Lakini gharama ya kutoa robota shambani hadi mjini ni jambo la hapa hapa nyumbani, na kila shilingi inayopotea katika tope ni shilingi iliyokwisha kupatikana.

Ndiyo maana barabara zinapotajwa barazani husikika neno moja: "Watafutwe wafadhili." Neno hilo si baya, wala si geni. Katikati ya miaka ya 1960 Shirika la Maendeleo la Kimataifa, ambalo ni tawi la Benki ya Dunia, liliikopesha Kenya fedha za kutengeneza barabara za chai. Hoja iliyopelekwa ilikuwa fupi: wakulima wadogo wamepanda chai, na pasipo njia za kukusanya majani chai hiyo itaozea shambani. Tena kuanzia mwaka 1974 ukaja mpango wa barabara za mashambani, uliogharimiwa na Serikali pamoja na Benki ya Dunia na nchi rafiki kama Uingereza, Denmark, Norway na Uholanzi. Barabara zake zilijengwa zaidi kwa jembe, sururu na toroli kuliko kwa mitambo, na watu waliozijenga ni wale wale wakaao kando yake. Basi kuomba nje si aibu. Shida ni kwamba wengi hudhani kuomba ni kuandika barua tu.

Swali la kwanza ambalo mwenye fedha huuliza ni hili: barabara hii ni ya nani? Wananchi wengi hucheka wakilisikia, kwa kuwa kwao barabara ni ya Serikali na yatosha. La, haitoshi. Sheria ya Barabara ya mwaka 2007 iliunda mamlaka tatu: moja ya barabara kuu, moja ya barabara za mashambani, na moja ya barabara za mijini. Kisha Katiba ya mwaka 2010 ikaleta kaunti, nazo zikapewa barabara zao. Januari 2016 Gazeti la Serikali lilitoa mgawanyo: katika kilomita kama 161,000 za nchi nzima, kiasi cha 40,000 ni za Serikali ya Taifa, na zilizobaki, kama 121,000, ni za kaunti. Kwa hiyo katika mji kama Maua mtu anaweza kutoka stendi ya magari hadi sokoni akakanyaga barabara za wenyewe wawili pasipo kujua alipovuka mpaka. Ombi likipelekwa kwa asiye mwenyewe hulala kwenye jalada. Makarani waijua sana habari hiyo: karatasi hutoka ofisi hii kwenda ofisi ile, kila moja ikiongeza mhuri na maneno "kwa hatua zinazofaa", na mvua mbili hupita.

Wengine husema: lakini fedha za barabara zipo, kwa kuwa kila anunuaye petroli hulipa. Ni kweli. Tozo ya kutunza barabara ilikuwa shilingi 18 kwa lita tangu mwaka 2016, na Julai 2024 ikapandishwa hadi shilingi 25. Hata mpanda bodaboda wa Laare huchanga. Lakini mfuko huo una mikono mingi. Sheria iliweka sehemu 22 katika kila 100 zigawiwe majimbo yote ya uchaguzi sawasawa, na Igembe ina majimbo matatu, yaani Kusini, Kati na Kaskazini. Usawa huo wapendeza masikioni, ila jimbo la milima na mvua nyingi hupata sawa na jimbo la tambarare kavu, ambako greda ikipita mara moja kazi yake hudumu. Mwaka 2024 Bunge la Taifa na magavana waligombana juu ya shilingi bilioni 10.5 za tozo hiyo, hata shauri likafika mahakamani. Na mwaka 2025 Serikali iliweka rehani shilingi 7 za kila lita ili kupata shilingi bilioni 175 za kuwalipa wakandarasi waliokuwa wakidai. Mtu akiweka rehani mavuno ya miaka ijayo, asishangae ghala likiwa jepesi miaka hiyo ikifika.

Hapo ndipo mji hulazimika kutazama mlango mwingine, nao ni ruzuku za miji. Maua ilikuwa na baraza lake la manispaa, na kuanzia mwaka 1999 mabaraza yote ya nchi yalipata sehemu 5 katika kila 100 za kodi ya mapato. Mwezi wa Machi 2013 mabaraza hayo yalikwisha, na mambo ya miji yakaingia mikononi mwa kaunti. Sheria mpya ya Miji, ya mwaka 2011, ilitaka manispaa iwe na watu wasiopungua 250,000. Mji wa kiasi cha Maua, usiokuwa makao makuu ya kaunti, ungewezaje kufika hapo? Ilipasa sheria irekebishwe mwaka 2019, na idadi ikashushwa hadi 50,000, ndipo miji ya namna hii ikapata njia. Miaka sita si michache. Wakati huo, mwaka 2017, Benki ya Dunia ilikuwa imekubali kutoa dola milioni 300 kwa mpango wa kusaidia miji ya Kenya, na miji 59 ikaingia. Penye mafanikio zilijengwa barabara za lami, njia za waendao kwa miguu, mitaro, taa, masoko na vituo vya magari.

Lakini tazama mambo yaliyotakiwa kabla ya fedha kutoka. Mji uwe na hati ya manispaa na bodi yake iliyoteuliwa kwa sheria. Uwe na meneja, na mpango wa maendeleo ulioandikwa, na fungu lake katika makadirio ya kaunti. Hesabu ziwekwe na zikaguliwe. Hakuna hata moja katika hayo lililo lami au kokoto. Yote ni karatasi. Hata hivyo mji usiokuwa na karatasi hizo ulibaki nje ukitazama jirani akitengenezewa mitaro. Wala mji hauwezi kujiendea wenyewe kukopa Washington, maana Kifungu cha 212 cha Katiba chasema kaunti itakopa ikiwa tu Serikali ya Taifa imedhamini mkopo na bunge la kaunti limekubali. Fedha hupitia Hazina, zikafika kaunti, ndipo zikashuka mjini, na penye kituo chochote zinaweza kuchelewa.

Tuseme basi zimefika, na mkandarasi yuko kazini. Jambo ambalo Maua yapasa kulikazania kuliko upana wa lami ni maji. Katika mji wa mlimani adui wa barabara ni maji kuliko magari. Maji ya mvua hushuka kutoka juu kwa nguvu, na yasipopata mtaro hufanya barabara iwe mtaro. Barabara yapasa kuinuliwa katikati kama mgongo, mitaro yake ijengwe kwa mawe pale mteremko ulipo mkali, na makalvati yawe mapana ya kupitisha majani na takataka za sokoni. Mara nyingi fedha zikipungua hukatwa mitaro kwanza, kwa kuwa mitaro haionekani vizuri siku ya ufunguzi. Mwaka wa kwanza lami hung'aa. Mwaka wa pili ukingo wake huanza kumeguka.

Wala mfadhili hafagii mtaro. Yeye hujenga akaenda zake, na utunzaji hubaki kwa mwenyeji. Ule mpango wa mwaka 1974 ulikuwa na dawa yake ya kutunza. Mtu mmoja akaaye kando ya barabara alipewa kwa mkataba kilomita moja na nusu hivi, au mbili, afanye kazi siku chache za kila juma, azibue makalvati, afyeke majani, ajaze mashimo yangali madogo. Alilipwa kidogo, lakini alilipwa, na barabara ilipita mbele ya nyumba yake mwenyewe. Pale malipo yake yalipokatizwa, jembe lilirudi shambani na mashimo yakarudi barabarani. Mji ukiandika ombi lenye ukurasa unaosema nani atafanya kazi hiyo, na mshahara wake utatoka fungu gani baada ya wageni kuondoka, ombi hilo huwa na uzito kuliko lile lenye picha nzuri za lami.

Kwa wasomaji walio Igembe, tarehe zenyewe ni hizi. Mpango wa maendeleo wa kila mwaka hupelekwa katika bunge la kaunti kabla ya tarehe 1 Septemba, karatasi ya mwelekeo wa fedha kabla ya 28 Februari, na makadirio kabla ya 30 Aprili. Sheria yataka wananchi wasikilizwe kabla mambo hayo hayajapitishwa. Maoni ya mdomo hupokewa, lakini yaliyoandikwa hayapotei upesi. Atakayeandika ataje jina la barabara, inapoanzia na inapoishia, urefu wake, viwanda, shule au zahanati zilizo juu yake, na mahali hasa maji yanapoikata wakati wa mvua. Kwa lile la mwisho hakuna mhandisi wa kutoka mbali amjuaye mwenye shamba lililo kando.