Belti Haina Makosa, Wacheni Kuinunua

Leo sizungumzii Java wala hifadhidata. Leo ni belti, na nina hasira.

Mjomba wangu hutunza uwanja wa shule moja ya bweni huko Uasin Gishu. Nyasi huzikata kwa ile mashine ya kuketi, unaipanda kama trekta dogo. Ilinunuliwa mtumba. Msimu wa mvua wa mwaka huu, belti inayotoa nguvu kwenye injini na kuzipeleka kwenye magurudumu ilikatika mara nne. Mara nne! Kila mara fundi aliitwa, akatoa iliyokatika, akavalisha mpya, akalipwa, akaenda zake. Baada ya hiyo ya nne mhasibu akaandika barua: mwendeshaji anatumia mashine vibaya, na belti itakayofuata itakatwa kwenye mshahara wake.

Ndipo mjomba akanipigia simu. "Wewe si ulisomea mashine?" Nikamwambia, mjomba, nilisomea kompyuta. "Kwani hiyo si mashine?" Nikakosa la kusema.

Sasa nisikilizeni. Belti ikikatika mara moja, huenda ni belti. Ikikatika mara nne, kuna kitu kinaila. Kazini kwetu tunayo programu inayozimwa na kuwashwa kila usiku kwa sababu inameza memori, na hakuna anayetafuta inakovujia. Ni aibu, najua. Lakini kuwasha upya ni bure. Belti ni pesa, na hapa ilikuwa karibu iwe pesa ya mzee mwenye watoto shuleni.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba ushahidi ulikuwepo. Belti iliyokatika ni kama faili ya logi, inakuambia kilichotokea, ila fundi huitupa kwenye majani. Bahati nzuri mjomba hatupi kitu. Mbili alikuwa amefungia lango la kuku. Tukazifungua tukazitazama.

Belti hizi za umbo la V hushika puli kwa mbavu zake, si kwa tumbo. Mbavu ziking'aa kama kioo, belti inateleza, kwa hiyo tazama springi ya kukaza kama imelegea. Tumbo likiwa ndilo linalong'aa, puli imelika na belti imezama hadi chini. Ubavu mmoja ukiwa umechanika nyuzi, puli hazijapangana kwenye mstari mmoja. Sehemu moja tu ikiwa imeungua, kuna puli iliyokwama huku injini inaendelea kuisugua belti palepale. Zetu zote mbili zilikuwa zimechanika ubavu uleule. Uleule! Dereva mbaya hawezi kuchana belti mbili mahali pamoja.

Jumamosi tukazima injini, tukachomoa waya wa plagi (usisahau hili, vidole haviuzwi dukani), tukaondoa belti na kuzungusha kila puli kwa mkono. Ile ndogo ya kukaza ilinguruma kama ina mchanga ndani, na ukiishika inacheza kushoto kulia. Beringi imekufa. Puli ikainama, belti ikapanda ukingoni, ikajisaga. Tena kile chuma kidogo kinachozuia belti isiruke hakikuwepo kabisa. Nina hakika kilitolewa siku ya belti ya kwanza kwa sababu kilimsumbua mtu, kisha kikabaki kwenye mfuko wa ovaroli.

Halafu kuna hili la uzi. Fundi alipima belti iliyokatika kwa uzi, akaenda duka la spea za magari, akaomba "ya urefu huu". Lakini belti iliyochakaa imeshavutika! Na ya gari si ya kazi hii. Kwenye mashine nyingi za aina hii, ukikanyaga pedali belti hulegezwa iteleze, ukiachia inakazwa ishike tena. Belti yake hutengenezwa kwa kazi hiyo, imefunikwa kitambaa, na nyingi zina nyuzi ngumu za aramidi ndani. Vipimo viwili vinaweza kulingana kwa upana na urefu na bado zikawa belti tofauti kabisa. Namba ya spea imo kwenye kitabu cha mashine, na modeli iko kwenye kibandiko, mara nyingi chini ya kiti. Kusoma kibandiko ni dakika moja.

Nilimpigia fundi. Hakukasirika. Aliniambia, "Kijana, nikisema nimeangalia saa moja nikapata beringi, watanilipa beringi tu. Nikibadilisha belti wananilipa belti na kazi." Hapo nakubaliana naye nusu. Anayelipia kitu kipya na kukataa kulipia macho ya fundi atauziwa vitu vipya mpaka achoke. Lakini fundi huyohuyo aliulizwa na mhasibu kwa nini zinakatika, akajibu, "Ni dereva." Hiyo nusu sitamsamehe.

Tuliweka beringi, springi mpya, kichuma tulichokunja wenyewe, na belti yenye namba yake. Tukalaza rula ndefu juu ya puli kuhakikisha ziko mstari mmoja. Beringi haikufika nusu ya bei ya belti moja.

Hiyo ilikuwa Juni. Sasa ni Oktoba na belti ni ileile. Mjomba amekwenda ofisini mara mbili kuomba ile barua itolewe kwenye faili yake. Bado imo.