Wakikwambia "Haiwezekani", Waulize Kuhusu Februari 1942



Kuna neno moja tumelishwa mpaka tumeshiba: haiwezekani. Unaenda ofisini kuuliza mbona kitambulisho chako kimekwama ilhali cha rafiki yako wa darasa moja kilitoka zamani, unaambiwa utaratibu ndio huo, haiwezekani kubadilishwa sahizi. Dada yako anaambiwa avue hijabu ndipo aingie darasani. Ukiuliza, kanuni ni kanuni, haiwezekani. Ukiuliza kuhusu mtu aliyechukuliwa usiku na hajarudi, hapo ndipo unaambiwa mambo ya usalama wa taifa si ya kuulizwa na kila mtu. Subiri.

Leo sitaki tukae Kenya. Nataka twende Detroit, mji wa magari kule Marekani, manake huko ndiko hili neno lilishikwa likisema uongo mchana kweupe.

Desemba 1940. Ufaransa imeshaanguka, London inapigwa mabomu usiku baada ya usiku. Rais Roosevelt anataka ndege za kivita, na anazitaka jana. Akatokea kijana wa miaka 33, Walter Reuther, fundi wa kiwandani na mmoja wa viongozi wa UAW, chama cha wafanyakazi wa magari. Akasema hivi: viwanda vyetu vya magari vina mitambo mingi inayokaa bure. Tuikusanye, tutengeneze ndege 500 kwa siku.

Wenye viwanda walimjibu nini? Haiwezekani. Ati mtambo wa gari hauwezi kutengeneza ndege, ati huyu ni mtu wa mgomo anataka kuingilia usimamizi. Lakini sababu nyingine ilikuwa wazi kwa kila mtu. Soko la magari lilikuwa tamu. Watu walikuwa wametoka kwenye umaskini wa miaka ya 1930, wameanza kupata mishahara, wanataka gari. Mwaka wa 1941 Marekani ilitengeneza magari zaidi ya milioni 3. Nani ataacha asali akalime?

Tarehe 7 Desemba 1941 Japani ikapiga Pearl Harbor. Miezi miwili baadaye, Februari 1942, serikali ilikuwa imesimamisha utengenezaji wa magari ya raia nchi nzima. Ford ilitoa gari lake la mwisho la raia tarehe 10 Februari. Baada ya hapo, hata uwe na pesa kiasi gani, gari jipya hulipati mpaka vita viishe.

Sasa tazama yale ambayo "hayawezekani".

Chrysler, kampuni ya magari ya familia, haikuwa imewahi kutengeneza kifaru hata kimoja. Ilipewa kazi hiyo 1940, ikajengewa kiwanda kwenye mashamba ya Warren, kaskazini ya Detroit, na kufikia Aprili 1941 kifaru cha kwanza kilikuwa tayari. Mpaka vita vinaisha, kiwanda hicho kimoja kilikuwa kimetoa zaidi ya vifaru 22,000. Injini za vifaru zilipokosekana, wahandisi wake walichukua injini tano za gari la kawaida, kila moja silinda 6, wakazifunga pamoja zikawa injini moja ya silinda 30. Fundi wa Grogan akiona atakwambia hiyo ni jua kali safi. Na ilifanya kazi.

Cadillac, gari la matajiri, ilitoa injini zake mbili mbili na gia zake za otomatiki zikaingia kwenye vifaru vyepesi. Packard ilichukua injini ya ndege ya Waingereza, Merlin ya Rolls-Royce, ikatengeneza zaidi ya 55,000. Kazi hiyo Ford ilikuwa imeikubali kwanza, halafu mzee Henry Ford mwenyewe akaikataa 1940 kwa sababu injini zilikuwa zinakwenda kwa Waingereza. Singer, hii hii ya cherehani ya nyanya yako, iliunda bastola. Kampuni ya masanduku ya muziki ya kwenye mabaa iliunda bunduki.

Na ile gari ya jeep unayoiona kila mahali? Aliyeibuni kwanza ni kampuni ndogo inaitwa Bantam, kutoka mji wa Butler, Pennsylvania. Walitengeneza ya mfano kwa siku 49. Jeshi likaipenda, likachukua michoro yake likawapa wakubwa, Willys na Ford. Wakubwa ndio walitengeneza mamia ya maelfu. Bantam iliishia kutengeneza trela. Hiyo hadithi nitairudia siku nyingine, lakini mtu mdogo mwenye wazo zuri aisome mara mbili.

Kubwa kuliko zote ilikuwa Willow Run, karibu na mji wa Ypsilanti. Ford walijenga hapo kiwanda cha kutengeneza ndege kubwa ya mabomu, B-24, kwa mstari ule ule wa kuunganisha magari. Tusidanganyane, mwanzo ulikuwa aibu. Karibu mwaka mzima mambo yalikwama, watu wakalifanyia mzaha jina la kiwanda kama wanauliza, hivi kweli kitafanya kazi? Na Reuther naye hakuwa sahihi kwa kila kitu. Mitambo mingi ya magari kweli haikufaa, ikabidi itengenezwe mipya. Lakini kufikia 1944 ndege moja ilikuwa inatoka pale kila baada ya saa moja hivi. Kwa jumla zilifika zaidi ya 8,000.

Kwa hivyo lile neno lilimaanisha nini? Lilimaanisha "hatutaki bado". Walitaka lini? Walipolazimishwa, na walipohakikishiwa faida. Viwanda vingi vipya vilijengwa kwa pesa za serikali. Mikataba mingi ilikuwa ya namna hii: kampuni inalipwa gharama zake zote, halafu inaongezewa faida juu. Henry Stimson, waziri wa vita, aliandika kwenye shajara yake kwamba ukitaka kuingia vitani katika nchi ya kibepari, lazima uwaache wafanyabiashara wapate pesa, la sivyo hawatafanya kazi. Huyo ni waziri wao wenyewe, si mimi.

Na usiniambie ilikuwa uzalendo mtupu. Opel, kampuni ya Ujerumani iliyomilikiwa na General Motors, ndiyo iliyotengeneza malori ya jeshi la Hitler. Henry Ford alipokea nishani ya serikali ya Hitler mwaka wa 1938. Kiwanda cha Ford cha Cologne, wakati wa vita, kilitumia watu waliolazimishwa kazi. Mtaji hauna bendera. Wewe ukivaa jezi ya nchi yako na mwenzako akiuza pande zote mbili, jua nani anacheza.

Sasa tufike kwenye kiini.

Chuma kilipinda. Lakini kulikuwa na kitu kingine nacho waliambiwa kibadilike, na hicho kilikuwa rahisi kuliko chuma, hakihitaji mtambo mpya wala mchoro. Ajiri mtu mweusi. Basi. Hapo lile neno likarudi kwa kishindo.

Mwaka wa 1941 viwanda vya silaha vinalia havina wafanyakazi, na wakati huo huo Mmarekani mweusi anafika getini na cheti chake cha ufundi anarudishwa. Mkuu wa kampuni moja ya ndege alisema hadharani kwamba watu weusi watapewa kazi ya kufagia tu, hata wawe na mafunzo gani. Ukimuuliza, atakwambia wazungu watagoma, desturi ndiyo hiyo, haiwezekani. Kwa hivyo wanaweza kufunga injini tano ziwe moja, ila hawawezi kumpa mtu spana?

Aliyelivunja hilo neno hakuwa tajiri wala mbunge. Alikuwa A. Philip Randolph, kiongozi wa chama cha wahudumu wa mabehewa ya kulala ya treni. Watu waliotandika vitanda na kubeba mizigo ya abiria. Chama chenyewe kilianzishwa 1925 na kilipigana miaka 12 kabla ya kampuni kukubali kutia saini mkataba nacho. Kwa hivyo huyu mzee alikuwa anajua kusubiri ni nini, na anajua pia tofauti ya kusubiri na kulala.

Januari 1941 Randolph alisema: tutaandamana Washington. Kwanza alitaja watu 10,000. Kufikia Juni alikuwa anasema 100,000, na tarehe ikatajwa, 1 Julai. Roosevelt akashtuka. Anahubiri demokrasia dhidi ya Hitler, halafu weusi laki moja wasimame mbele ya nyumba yake? Akamtuma mkewe, Eleanor, aende kumtuliza. Hakutulia. Tarehe 18 Juni akamwita Ikulu, akamwomba asimamishe maandamano. Randolph akasema nipe amri iliyoandikwa. Hakuomba chai wala picha.

Tarehe 25 Juni 1941, siku sita kabla ya maandamano, Roosevelt alitia saini Amri ya Rais nambari 8802. Ikapiga marufuku ubaguzi katika viwanda vya ulinzi na serikalini kwa sababu ya rangi, asili, na, sikiliza hapa, dini. Tume ikaundwa kusikiliza malalamiko.

Hilo neno dini halikuwa la bure. Waislamu walikuwepo Detroit. Walebanoni, Wayemeni na wengine walivutwa huko na mishahara ya Ford, na mwaka wa 1921 ulijengwa msikiti Highland Park, karibu kabisa na kiwanda chake. Baadaye wengi wakahamia Dearborn, chini ya moshi wa kiwanda kikubwa cha Rouge, ambacho wakati wa vita kilikuwa kinatengeneza injini za ndege. Ukisikia leo Dearborn ni mji wa Waislamu, ilianzia hapo, kwa watu wa zamu za kiwandani.

Je, amri ilimaliza kila kitu? Wallahi haikumaliza. Tume haikuwa na meno. Na ule mwezi niliokutajia, Februari 1942, ulikuwa na mambo yake. Magari yamesimama. Tarehe 19, kalamu ile ile ya Roosevelt ikatia saini amri nyingine, nambari 9066, na kwa jina la usalama wa taifa watu zaidi ya 110,000 wenye asili ya Japani wakang'olewa makwao, wengi wao raia waliozaliwa Marekani. Baadhi walilazwa kwanza kwenye vibanda vya farasi, kwenye uwanja wa mbio wa Santa Anita. Wewe uliyekumbuka uwanja wa Kasarani, Aprili 2014, hujakosea. Mwisho wa mwezi huo huo, Detroit, familia nyeusi za wafanyakazi zilizopewa nyumba za serikali zilizuiwa kuingia na umati wa wazungu.

Juni 1943, Packard, kiwanda kile kile cha injini za Merlin, iliwapandisha wafanyakazi weusi watatu tu. Watatu! Wazungu wapatao 25,000 wakaacha kazi. Vita vinaendelea, marubani wanasubiri injini, na hao wako nje kwa sababu ya watu watatu. Wiki chache baadaye Detroit ikawaka. Watu 34 walikufa, 25 kati yao weusi, na wengi wa hao 25 waliuawa na polisi.

Na kila walipolalamika, waliambiwa nini? Nchi iko vitani, haki zenu baadaye. Gazeti la Pittsburgh Courier lilikataa. Februari hiyo hiyo ya 1942 lilianza kampeni ya ushindi mara mbili, ng'ambo na nyumbani, kwa wakati mmoja. Wazo lilitoka kwa barua ya kijana wa miaka 26 aliyefanya kazi kwenye mkahawa wa kiwanda cha ndege cha Cessna. Si kasisi, si profesa.

Sasa wewe. Nakuuliza kwa mapenzi lakini sitapaka asali. Sisi tuna hasira nyingi na tarehe hatuna. Tunabadilisha picha ya wasifu kwa siku tatu, halafu Ijumaa inayofuata tumesahau jina la aliyetekwa. Wazee wetu wengine nao wanaitwa kwenye futari kubwa, wanapiga picha na wakubwa, wanarudi kutuambia "tumezungumza, tumeelewana". Karatasi iko wapi? Randolph alitoka na karatasi yenye nambari. Alikuwa na mambo matatu ambayo hata akaunti yako ya simu inaweza kuyabeba: dai moja lililoandikwa, idadi ya watu waliojiandikisha kweli, na siku. Alikuwa na rais mbele yake anayetabasamu, na hakutabasamu naye mpaka akapata.

Kuna hoja moja ambayo tumeigombania sana kwenye darasa letu la Jumamosi, na bado haijaisha. Randolph alipopata ile amri aliahirisha maandamano, na vijana wake, Bayard Rustin mmoja wao, walimkasirikia. Walisema amekubali nusu mkate, jeshi lenyewe bado limetenganishwa kwa rangi. Na kweli, jeshi liliamriwa kuacha ubaguzi 1948 tu. Mimi nilikuwa upande wa vijana. Siku hizi sina uhakika. Chama hakikufa, orodha haikuchomwa. Na tarehe 28 Agosti 1963, watu wapatao robo milioni walipofika Washington na dunia nzima ikawatazama, aliyepanga kila basi na kila choo alikuwa Rustin yule yule, na mzee aliyesimama kufungua hotuba, akiwa na miaka 74, alikuwa Randolph.