UCHAMBUZI: Kanuni mpya hazitoshi, majengo ya zamani yaimarishwe

KARIBU miaka 100 imepita tangu Kenya ikumbwe na mtetemeko mkubwa zaidi wa ardhi katika kumbukumbu zake. Mnamo Januari 6, 1928, mtetemeko wa kipimo cha 6.9 ulitokea Subukia, ukaipasua ardhi kwa zaidi ya kilomita 30. Hasara haikuwa kubwa kwa vile eneo hilo lilikuwa na watu wachache, tena majumba ya orofa hayakuwapo.

Leo hali ni tofauti. Nakuru, ulio jirani na Subukia, ulipandishwa hadhi kuwa jiji mwaka 2021, na majumba ya orofa yanachipuka humo kama uyoga. Nairobi nayo haiko mbali na Bonde la Ufa. Mnamo Julai 2007, wakazi wake walitimka kutoka majengo marefu baada ya mitetemeko iliyoanzia kaskazini mwa Tanzania. Mwaka 2016, mtetemeko wa kipimo cha 5.9 katika eneo la Kagera, nchini humo, uliua watu wasiopungua 17 na kuharibu maelfu ya nyumba. Huo ulikuwa mdogo kuliko ule wa Subukia.

Kenya sasa ina Kanuni za Kitaifa za Ujenzi za mwaka 2024, zilizochukua nafasi ya zile za 1968. Ni hatua ya kupongezwa. Hata hivyo, kanuni humbana zaidi anayetaka kujenga, ilhali mamilioni ya Wakenya wanalala katika nyumba zilizokwisha kujengwa.

Udhaifu mkubwa wa nyingi kati ya nyumba hizo uko orofa ya chini. Mwenye ploti huiacha wazi ili apate maduka au maegesho ya magari, kisha juu yake hupanga orofa kadhaa zenye kuta nzito za mawe. Ardhi inapotikisika, orofa za juu huyumba kama sanduku moja, na nguvu yote huziangukia nguzo za chini. Nguzo zikikatika, jengo zima hukalia waliomo chini. Ndivyo ilivyokuwa Northridge, California, Januari 17, 1994, ambapo watu 16 walikufa katika jengo moja la kupangisha lililokuwa na maegesho chini.

Si lazima jengo la namna hiyo libomolewe. Wahandisi huweza kujenga ukuta wa zege wenye vyuma baina ya baadhi ya nguzo, kuanzia kwenye msingi. Huweza pia kuzivisha nguzo zenyewe zege jipya na vyuma zaidi, au kutia fremu za chuma. Kwa nyumba isiyo na orofa, la muhimu ni kuziunganisha kuta kwa mkanda wa zege juu ya milango na madirisha, kulifunga paa kwenye kuta, na kuondoa mzigo mzito juu, kama vile tangi la maji.

Kizungumkuti ni gharama. Landilodi akiachiwa hiari, hatatumia pesa kwa jambo lisilomwongezea kodi. Akilazimishwa bila utaratibu, atamtwika mpangaji mzigo wote. Jiji la Los Angeles lilipitisha sheria mwaka 2015 iliyowapa wenye majengo ya mbao yenye udhaifu huo miaka saba kuyaimarisha. Waliruhusiwa kuwatoza wapangaji nusu tu ya gharama, tena kwa kiwango cha mwezi kilichowekewa kikomo.

Serikali za kaunti zinaweza kuanzia hapo: zikague kwanza majengo ya orofa yenye maduka au maegesho chini, zitoe muda maalum, na zishirikiane na benki ili mikopo ipatikane kwa riba nafuu.

Wapo watakaosema mtetemeko wa namna hiyo huenda usitokee katika uhai wetu. Wakumbuke jengo la Huruma, Nairobi, lililoporomoka Aprili 2016 wakati wa mvua kubwa na kuua watu karibu 50. Hapakuwa na mtetemeko wowote. Nguzo inayoimarishwa leo kwa hofu ya mtetemeko ndiyo hiyo hiyo itakayomlinda mpangaji usiku wa mvua.