Saratani na Mipaka ya Kaunti

Jimbo la Kentucky, huko Marekani, limegawanywa katika kaunti 120, na mtu aliyezaliwa na kuzeekea katika kaunti za mashariki, kwenye mabonde ya milima ya Appalachia ambako makaa ya mawe yamechimbwa kwa zaidi ya karne nzima, yumo katika hatari ya kupatwa na saratani ya mapafu iliyo kubwa mno kuliko ile inayomkabili mkazi wa kaunti ya Oldham, wakaako watu wenye uwezo pembezoni mwa jiji la Louisville, ingawa wawili hao wana gavana mmoja, bunge moja la jimbo na hazina moja ya kodi, na ingawa baina ya nyumba zao ni mwendo wa saa chache tu kwa motokaa. Kwa miaka mingi Kentucky imekuwa ya kwanza, au karibu na ya kwanza, nchini mwake kwa maradhi haya: wagonjwa wapya wa saratani ya mapafu huko wamekuwa wakipindukia 80 kwa kila watu 100,000 kwa mwaka, ilhali wastani wa nchi nzima ni kiasi cha 50 hivi. Lakini hata hesabu hiyo ya jimbo haitoshi, maana humchanganya mchimba makaa wa kaunti ya Harlan, kule mashariki, na wakili wa Louisville, ikatoa jawabu lisilomhusu yeyote kati yao.

Rai ninayotaka kuitetea hapa ni kwamba kuhesabu wagonjwa wa saratani kwa mahali wanapoishi, kaunti kwa kaunti, mwaka baada ya mwaka, ni dhima ya serikali iliyo sawa na ile ya kujenga hospitali, na kwamba sisi wa Afrika Mashariki tumekawia kupita kiasi kuitimiza.

Mwaka 1975 Taasisi ya Taifa ya Saratani ya Marekani ilitoa kitabu cha ramani kilichoonyesha vifo vya saratani katika kaunti za nchi nzima, zaidi ya 3,000, kwa miaka ya 1950 hadi 1969. Kabla ya hapo ilidhaniwa na wengi kwamba saratani ni maradhi ya miji mikubwa na moshi wa viwanda vyake, na kwamba shamba, kwa ujumla, kuna salama. Ramani zilipotiwa rangi, yalitokeza mambo ambayo hakuna tabibu aliyekuwa ameyatabiri. Pwani ya Georgia, mahali penye misitu ya misonobari na miji midogo, wanaume walikuwa wakifa kwa saratani ya mapafu kwa wingi usioelezeka. Na katika majimbo ya kusini mashariki, hasa mashambani, wanawake walikuwa wakifa kwa saratani ya kinywa, maradhi ambayo aghalabu huwapata wanaume walevi na wavutaji.

Watafiti hawakutosheka kustaajabu. Walikwenda wakabisha hodi milangoni. Huko Georgia wakawauliza wagonjwa, na jamaa za marehemu, kazi walizozifanya maishani, na ikadhihirika kwamba wengi walikuwa wameajiriwa wakati wa Vita vya Pili vya Dunia katika viwanda vya kuunda meli vya Savannah na Brunswick, ambako mabomba na majiko ya mvuke yalifungwa kwa asbesto, na vumbi lake, walilolivuta kwa miaka miwili mitatu wakiwa vijana, lilikaa kimya vifuani mwao hata baada ya viwanda kufungwa na vita kusahauliwa, likaja kudai roho zao walipokuwa wazee. Huko North Carolina, Deborah Winn na wenzake walichapisha mwaka 1981 matokeo ya uchunguzi wao, yaliyothibitisha kwamba kiini cha msiba ule wa wanawake kilikuwa ugoro, ambao waliuweka baina ya shavu na ufizi tangu ujanani, na kwamba wale walioutumia kwa miaka mingi walikuwa na hatari ya kupatwa na saratani ya ufizi na shavu inayokaribia mara 50 ya wasioutumia. Ugoro haukuwa siri kwa yeyote katika vijiji vile. Kila nyumba ilikuwa na kopo lake. Lililokosekana ni jicho la kuona kaunti zote kwa pamoja, na jicho hilo ni ramani.

Wala msomaji asidhani kwamba elimu hii ni ya Wamarekani peke yao, kwa kuwa mojawapo ya mifano yake mitukufu ilitoka kwetu. Denis Burkitt, daktari wa upasuaji katika hospitali ya Mulago, Kampala, aliandika mwaka 1958 habari za uvimbe wa taya uliokuwa ukiwaua watoto wa Uganda, kisha mwaka 1961 akafunga safari ya gari yapata maili 10,000 pamoja na wenzake wawili, kupitia nchi za Afrika ya Mashariki hadi kusini, akiuliza katika kila hospitali swali moja tu: je, mmepata kuona watoto wa namna hii? Majibu alipoyatia kwenye ramani, yalionyesha kwamba maradhi yale hufuata nchi za joto na mvua, na hutoweka kwenye nyanda za juu zenye baridi. Mawazo ya wataalamu yakaelekea kwenye mambo yaambukizayo, na mwaka 1964 Epstein, Achong na Barr, waliokuwa London, wakakigundua kirusi ndani ya chembe za uvimbe zilizopelekwa kutoka Uganda. Kirusi hicho ndicho cha kwanza kujulikana kuwa na mkono katika saratani ya binadamu.

Hata hivyo ramani hudanganya, na anayeisifu bila kutaja hila zake hafanyi insafu. Kaunti ya Robertson, iliyo ndogo kuliko zote katika Kentucky, ina watu wapatao 2,200 tu. Akizidi mgonjwa mmoja wa saratani ya mapafu kwa mwaka, kiwango cha kaunti hiyo kitaruka kwa 45 kwa kila watu 100,000, ilhali katika kaunti ya Jefferson, lilipo jiji la Louisville, yenye watu zaidi ya 700,000, mgonjwa huyo mmoja hatikisi chochote. Ndiyo sababu mtu akitafuta kaunti za Marekani zenye kiwango cha chini kabisa cha saratani ya figo, atakuta kwamba nyingi ni za mashambani na zenye watu wachache. Na asipofanya haraka kutunga kisa cha hewa safi na maisha ya utulivu, bali akatafuta pia kaunti zenye kiwango cha juu kabisa cha saratani ya figo, atakuta vilevile kwamba ni za mashambani na zenye watu wachache. Uchache wa watu ndio uliozirusha juu na chini. Kwa hiyo wenye hadhari hukusanya hesabu za miaka mitano kwa pamoja kabla ya kunena neno, na magazeti yetu yangefanya vema kuiga desturi hiyo kabla ya kuitangaza wilaya fulani kuwa mji wa saratani.

Umri nao una hukumu yake. Saratani nyingi ni maradhi ya utu uzima, na kaunti ambayo vijana wake wamehamia mjini kutafuta kazi itaonekana kuwa na wagonjwa wengi hata ikiwa haina sumu yoyote, hivyo hesabu lazima zisawazishwe kana kwamba kila mahali pana mchanganyiko mmoja wa wazee na watoto. Marekani hutumia kwa kazi hiyo idadi ya watu wake wa mwaka 2000, na nchi nyingine hutumia kipimo cha dunia kilicho tofauti, kwa hiyo anayechukua tarakimu ya Kentucky na kuibandika kando ya tarakimu ya Kenya hajalinganisha kitu.

Tena kuna jambo ambalo huwakanganya hata wasomi, nalo ni kwamba kiwango kikubwa cha wagonjwa wapya si lazima kiwe alama ya ufukara. Kaunti ya Marin, kaskazini ya San Francisco, ni miongoni mwa zenye utajiri mkubwa katika California, na katika miaka ya 1990 wanawake wake walishtushwa na wingi wa saratani ya matiti baina yao, wakaanza kushuku maji na hewa. Uchunguzi ukaelekea kwenye mambo ya maisha yao wenyewe: kuchelewa kuzaa, kupimwa mara kwa mara, na kutumia dawa za homoni baada ya kukoma hedhi. Mwaka 2002 uchunguzi mkubwa ulipotangaza madhara ya dawa hizo na wanawake wengi wakaziacha, saratani ya matiti katika Marin ilipungua kwa ghafula.

Narudi Kentucky, kwa kuwa huko ndiko tunakoona hesabu ikigeuka kuwa tendo. Sababu za msiba wa mashariki zimefungamana. Tumbaku ilikuwa zao la heshima la mkulima mdogo, na serikali ya shirikisho ililinda bei yake tangu miaka ya 1930 hadi mwaka 2004, kiasi kwamba kuisema vibaya ilikuwa kama kutukana kilichowasomesha watoto. Kazi ya migodini ilipungua ikaacha umaskini. Matabibu ni wachache na barabara za milimani ni ndefu. Na watafiti wa chuo kikuu cha jimbo wamepima hata kucha za miguu za wakazi wakitafuta athari za aseniki na kromi. Sajili ya Saratani ya Kentucky, ambayo tangu mwanzo wa miaka ya 1990 inaandika kwa amri ya sheria kila mgonjwa katika kila kaunti, ndiyo iliyowaonyesha viongozi kwamba jimbo lao linaongoza pia kwa saratani ya utumbo mpana, maradhi ambayo hukingika kwa kuondoa vinyama vya ndani kabla havijageuka. Kamati za mitaa zikapewa tarakimu za mahali pao penyewe, matabibu wakaelimishwa, na mwaka 2008 sheria ikaanzisha mpango wa kuwapima wasio na bima. Waliopimwa, ambao mwaka 1999 walikuwa kama thuluthi moja tu ya wanaostahili, walikaribia thuluthi mbili katika muda wa miaka kumi hivi, na wagonjwa wapya wakapungua kwa karibu robo. Hali kadhalika, kwa kuwa jimbo halina sheria moja ya kukataza uvutaji wa sigara mahali pa kazi, kila mji na kaunti hujiamulia, na Lexington ulitangulia mwaka 2004. Walipolinganisha waliokataza kwa ukali na wasiokataza, watafiti walikuta saratani ya mapafu ni pungufu kwa wale waliokataza. Mlima ni ule ule, lakini kanuni ya baraza la mji imewaondolea baadhi ya watu maradhi.

Sasa tujitazame. Kenya ina kaunti 47, na Katiba ya mwaka 2010 imezikabidhi sehemu kubwa ya kazi ya afya. Iko pia sheria ya saratani ya mwaka 2012. Katika Bomet, madaktari wa hospitali ya Tenwek wamekuwa kwa miaka mingi wakipokea wagonjwa wa saratani ya umio, yaani njia ya chakula iendayo tumboni, kwa wingi wa kutisha, na baadhi yao ni vijana wasiofika miaka 30, umri ambao maradhi haya hayatarajiwi kabisa. Watafiti wa Eldoret, na wa Moshi nchini Tanzania, wanachunguza chai iliyo moto kupita kiasi, pombe, tumbaku, moshi wa majiko ya kuni na afya ya meno, na bado haijapatikana hukumu ya yakini. Jambo hili linauma, kwa sababu swali la Bomet ni ndugu wa swali la Georgia, na lingeweza kujibiwa kwa upesi zaidi kama tungejua bila shaka mpaka wa maradhi uko wapi: yanaanzia kaunti gani, yanakomea kaunti gani, na ng'ambo ya mpaka huo watu wanaishi vipi tofauti.

Hatujui kwa sababu hatuhesabu. Sajili za Nairobi na Eldoret zina umri na heshima, lakini kaunti nyingi hazina daftari linalowajumuisha wakazi wake wote, na mgonjwa wa Kwale au wa Turkana anayesafirishwa hadi hospitali kubwa ya mji mkuu huandikwa huko anakotibiwa, pengine kwa jina la mtaa wa jamaa aliyemkaribisha, hata kaunti yake ikaonekana haina saratani. Aliyefia nyumbani bila kupimwa hayumo kabisa. Kisha fedha za mashine na madaktari hugawanywa kwa kufuata hesabu hizo pungufu, na kaunti iliyoonekana haina wagonjwa haipati kitu, maana haikuomba, nayo haikuomba maana haikujijua.

Dawa ya ila hii haihitaji majengo ya fahari. Yatakiwa makarani waliofunzwa, wawili au watatu kwa kila kaunti, wenye mshahara wa kudumu na idhini ya kisheria ya kupitia majalada ya hospitali, maabara na ofisi za kuandikisha vifo; na yatakiwa kila hospitali ya rufaa imwulize mgonjwa nyumbani kwake ni wadi gani, ameishi huko miaka mingapi, na kazi yake ilikuwa nini, kisha majibu hayo yarudishwe kaunti alikotoka. Wawakilishi wa wadi watakapoketi kujadili bajeti ya mwaka wa fedha unaoanza Julai, na wataombwa tena kupitisha mamilioni ya magari na samani, wananchi wawatake wataje kwanza ni wakazi wangapi wa kaunti yao walioonekana kuwa na saratani mwaka uliopita, na wakishindwa kujibu, fungu la sajili liandikwe kabla ya mengine yote.