Takwimu Hazidanganyi? Muulizeni Dogo wa Delta!

Stendi ya Kibiti kuna ligi isiyo na refa wala filimbi: ligi ya kubishana. Mabasi ya Lindi na Mtwara yanaingia, wauza korosho na machungwa wanakimbilia madirishani, na bodaboda wanaosubiri abiria wameshika simu. Silaha ya ubishi siku hizi ni moja tu, takwimu. Mtu anakuwekea skrini usoni: "Mabao haya hapa, asisti hizi hapa, haya bisha sasa!"

Sasa kuna straika mmoja, jina kapuni, mtoto wa delta kabisa, kule kwenye mikoko. Waliomuona akicheza wanasema dogo ana mguu wa moto. Akapanda boti mpaka Nyamisati, akaja Kibiti kusaka timu. Hakuulizwa hata anacheza namba ngapi. Swali la kwanza lilikuwa: "Msimu uliopita umetupia ngapi?"

Dogo akabaki anakodoa macho. Kwao mechi inachezwa maji yakiruhusu, wapinzani wanakuja kwa boti, na hakuna anayeandika nani kafunga. Nafasi akapewa mwenzake, naye jina kapuni, mwenye mabao yaliyohesabiwa, japo mengi ni ya penalti na mengine ya kufunga mechi ikiwa imeshaisha kitambo.

Hapo ndipo ule msemo wa "takwimu hazidanganyi" unapoanza kunuka. Sawa, hazidanganyi. Ila zinanyamaza. Haziwezi kumsema mtu ambaye hakuna aliyemhesabu.

Anayedhani huu ni ubishi wa kitaa tu, aangalie kriketi, mchezo unaopenda namba kuliko mhasibu. Mpigaji wa kule (siyo yule wa hela za mradi!) anapimwa kwa wastani: unachukua mikimbio yake yote, unagawanya kwa idadi ya mara alizotolewa. Donald Bradman wa Australia alimaliza mechi zake za Test na wastani wa 99.94. Mwaka 1948, mara yake ya mwisho kushika gongo kwenye Test, alihitaji mikimbio 4 tu ili wastani ufike 100. Akatolewa na sifuri! Kuna anayethubutu kusema zile 4 zingemfanya mkali zaidi ya alivyokuwa?

Sasa njoo kwa majirani. Steve Tikolo wa Kenya, wastani wake kwenye mechi za kimataifa za siku moja haufiki 30. Mtoto wa takwimu akiuona anasema, "Huyu wa kawaida." Haya, fungua Kombe la Dunia la 1996. Mjini Kandy, Sri Lanka walipiga 398, rekodi ya wakati huo. Tikolo akajibu kwa 96 peke yake, lakini Kenya ikalala. Siku chache nyuma, mjini Pune, alikuwa amepata 29 tu. Ila siku hiyo Kenya nzima ilipata 166, na hakuna Mkenya aliyeifikia ile 29 yake. West Indies ya Brian Lara ikatolewa yote ikiwa na 93. Dunia ikashika kichwa.

Kwa hesabu kavu, 96 ni zaidi ya mara tatu ya 29. Lakini ipi ilileta ushindi?

Na kuna hili. Ukitafuta takwimu za Tikolo kwenye Test, huzikuti. Siyo kwamba alishindwa. Kenya haikuwahi kupewa hadhi ya kucheza Test, basi. Mlango ulifungwa, halafu mtu anakuja kumcheka kwa kutoingia ndani. Si ndiyo yaleyale ya dogo wa delta?

Ila wanaosema takwimu zitupwe nao watulie kwanza. Bila namba timu inapangwa kwa undugu: huyu mtoto wa fulani, yule shemeji wa kiongozi. Jicho la kocha nalo lina upendeleo wake. Na yule wa penalti apewe heshima yake, maana kupiga penalti watu wakikuzomea kunataka moyo.

Dawa ni kuhesabu vizuri na kuhesabu wote. Daftari moja na kalamu vinatosha kwa kila timu ya delta. Andika nani kafunga, kamfunga nani, dakika ya ngapi, na matokeo yalikuwaje wakati huo. Na kwa asiye na daftari, mpe dakika 90 uwanjani kabla ya kumuuliza idadi. Kwani hizo zinagharimu nini?

Soka halina subira na umri haurudi nyuma. Dogo akipanda boti kurudi kwao bila kuguswa hata mpira, hiyo hasara haitaonekana kwenye takwimu yoyote.

Haya wadau, kocha alikuwa sahihi au alichemka? Tiririkeni hapo chini, povu ruksa!