MWANAGENZI AKIOGOPA KUULIZA, ANAYEUMIA NI SISI



Wengine watauliza, sisi watu wa reli tuna shauri gani na madaktari wanaojifunza kazi? Tunalo. Mwenzetu akibanwa na behewa Konza, au akianguka kiwandani Athi River, au matatu ikipinduka katika barabara ya Mombasa, huenda akaletwa hospitali ya Machakos, chumba cha dharura. Usiku wa manane anayempokea huenda asiwe daktari mkubwa. Ni mwanagenzi, kijana aliyemaliza chuo juzi.

Kijana huyo ana elimu ya kitabu, lakini mkono haujazoea. Litatokea jambo asilolijua. Je, atauliza? Ikiwa jana aliitwa mjinga mbele ya wauguzi na wagonjwa, hatauliza. Atakisia, na kisio lake litaingia katika mwili wa mfanyakazi.

Kwetu relini mambo haya twayajua. Mtu yeyote akipunga kitu kwa nguvu kando ya njia, hata kama aliajiriwa jana, dereva husimama kwanza, maneno baadaye. Kijana akikaripiwa kwa kusimamisha gari bure, siku ya hatari ya kweli mkono wake hautainuka.

Bibi Amy Edmondson, mwalimu wa Chuo Kikuu cha Harvard huko Marekani, alichunguza makosa ya dawa hospitalini, akaandika habari zake mwaka 1996. Alidhani vikundi vyenye uongozi mwema vitakuwa na makosa machache. Akaona vina mengi zaidi! Kumbe watu wa huko hawakuogopa kuyasema, na kwingine yalifichwa.

Hapa Kenya, Februari 1918 haikuwa, ni Februari 2018 tu, si zamani: katika Hospitali Kuu ya Kenyatta mgonjwa asiyehitaji kupasuliwa alifunguliwa kichwa badala ya mwenzake. Daktari mpasuaji alikuwa bado akijifunza kazi hiyo. Alisimamishwa kazi pamoja na wengine watatu, na madaktari wenzake wakalalamika kwamba mzigo umetupwa juu ya wadogo. Baadaye Waziri alimsimamisha na mkuu wa hospitali. Hatusemi kosa lile lilikuwa dogo. Twasema kwamba mwanagenzi anayetazama mambo hayo hujifunza somo moja: nyamaza.

Wakubwa wengine hujibu, "Hata sisi tulifundishwa kwa makelele." Huenda. Lakini hawatuambii walificha makosa mangapi. Wala hatuombi wanagenzi wabembelezwe. Kosa lisahihishwe, tena kwa ukali ikiwa maisha yamo hatarini, lakini lisahihishwe kosa, asitukanwe mtu. Kabla ya zamu mkubwa aseme wazi, "Niamsheni saa yoyote," na akiamshwa asinune. Tangu 2008 Shirika la Afya Duniani limeshauri kwamba kabla ya kisu kila mtu chumbani ataje jina lake na kazi yake. Aliyekwisha kusikika sauti mara moja haoni taabu kusema mara ya pili.

Katika mgomo wa madaktari wa 2024, uliochukua siku 56, mshahara wa wanagenzi ulikuwa neno kubwa, na ni haki. Lakini jambo hili la kuogopa halipungui kwa shilingi. Lataka kuandikwa katika mapatano: namna ya kupeleka lalamiko bila kuharibiwa cheti, na saa za kulala.

Wanachama wenye watoto katika vyuo vya uganga na uuguzi waulizeni wanavyotendewa kazini, mlete habari kwa karani wa tawi. Jina la mtoto si lazima.